Gita la Nne

"Mbona magita ni manne na wapigaji ni watatu?"

Aliyeuliza ni mama yangu, Jumapili ya kwanza aliyokubali kuja kunitazama nikiimba, kwenye bonanza la mchana huko Segerea. Mama ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na hawezi kuingia mahali bila kuhesabu. Alihesabu meza, akahesabu spika, kisha akahesabu vyombo jukwaani: gita la solo, gita la ridhimu, besi, na gita jingine jekundu lililosimamishwa kwenye kistendi upande wa kushoto, limeunganishwa waya kabisa, halina mtu wa kulipiga. Nilikuwa na miezi minne kwenye bendi. Nikamwambia hilo ni la akiba.

"La akiba haliunganishwi waya," mama akasema, akaendelea na soda yake.

Ilinikera, maana kwa kawaida mimi ndiye mtu wa maswali. Chuo kikuu nilisoma sosholojia, na mhadhiri mmoja aliwahi kuniomba niwaachie wenzangu nao waulize. Kwenye bendi waliniita Msomi, na halikuwa jina la sifa. Kuhusu gita jekundu nilikuwa nimeshauliza. Zuberi, mpiga tumba wetu, aliniambia ni la mwenzao aliyefariki. Beno, mpiga solo, alisema hajui na hataki kujua. Mwenye jibu alikuwa mtu mmoja tu, aliyelifungua kutoka kwenye sanduku lake kila asubuhi na kukaza nyuzi zake kabla hajagusa besi yake mwenyewe, na huyo nilipomuuliza alinijibu, "Akija asije akaanza kutafuta waya."

"Nani akija?"

"Haya, tuanze na ule wa polepole."

Huyo ndiye Mzee Besi, kiongozi wetu. Sijui alizaliwa wapi. Siku niliyomuuliza kabila lake alisema, "Dansi," na sura yake haikuonyesha kama anatania. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake. Alipiga besi akiwa amevua kiatu cha kushoto, mguu mtupu sakafuni, kwa sababu, alisema, miguu husikia tumba mapema kuliko masikio. Niliona huo ni ushirikina. Nikajaribu kwa siri, nikakuta ni kweli, na sikumwambia.

Tulifanya mazoezi Kiwalani, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma wa baa iliyokuwa imefungwa. Mwenye uwanja alikuwa mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama tu, ambaye alitunza vyombo vyetu kwenye stoo yake na kukaa na funguo. Uwanja ule ulikuwa na kasoro moja kubwa: ndege. Uwanja wa ndege uko jirani kabisa, na ndege ikiruka husikii chochote, si gita lako, si sauti yako mwenyewe. Siku yangu ya kwanza ndege ilipopita niliacha kuimba, nikasubiri. Wenzangu hawakuacha. Niliwaona wakipiga huku wakitazamana, midomo imefungwa, mikono inakwenda, na nilichosikia ni ngurumo ya ndege peke yake. Ngurumo ilipokwisha, muziki ulikuwa palepale, wote pamoja, hakuna aliyetangulia wala kubaki.

Nilisimama na maiki yangu nimeduwaa.

"Msomi," Mzee Besi akaniambia, "ndege ndiyo inatuambia kama sie ni bendi. Ikipita tukabaki pamoja, ni bendi. Tukiachana, ni watu wanaopiga kelele kwenye uwanja mmoja."

Bendi nyingine zikipata uwanja wa namna hiyo zinahama. Yeye nadhani aliuchagua.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya macho. Nyimbo za dansi huanza polepole, watu wanasikiliza maneno, halafu hufika mahali zinachangamka na watu wanaacha viti. Mahali hapo panaitwa chemko. Kwenye bendi nyingi kiongozi hutoa ishara, wote wanaingia. Kwetu hakukuwa na ishara. Anayetaka kuingia chemko alimtazama wa kulia kwake, naye akamtazama anayefuata, mpaka macho yamezunguka bendi nzima na kumrudia wa kwanza. Hapo ndipo tuliingia. Asiyetazamwa hajaambiwa, na ambaye hajaambiwa haachwi.

Nilimwambia utaratibu huo unapoteza muda.

"Unachukua muda gani?"

"Sekunde tatu, nne."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Alikuwa mtu wa kusema na watu ana kwa ana hadi kufikia kero. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, naye alikuwemo, lakini mazoezi yakisogezwa hata kwa nusu saa alipanda basi akaja mpaka mlangoni kwetu Gongo la Mboto kuniambia. Mama yangu alimkaribisha chai, akakataa, maana alikuwa bado anakwenda kwa Beno.

"Mzee Besi, ungeandika tu kwenye kundi," nilimwambia. "Mtu akisoma zinatokea tiki za bluu. Unajua ameona."

"Tiki inasema umeona. Mie nataka kujua kama umesikia."

"Kuna tofauti gani?"

"Umeona mie nimechoka?"

"Ndiyo."

"Umesikia ninachokwambia?"

Mama yangu alicheka jikoni.

Na bado mtu huyohuyo, aliyeweza kupanda mabasi mawili kumwambia mtu habari ya nusu saa, hakuwahi kuvuka barabara ya mbele ya uwanja wetu. Ng'ambo kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa rika lake, ndiye aliyetushonea mashati ya jukwaani. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu kwa sauti, kwa mama nilirithi hilo. Mzee Besi alinituma mimi. Fundi alitupima wote mmoja mmoja kwa futi yake, isipokuwa kiongozi. "Yule namjua," alisema, akakata kitambaa bila kuangalia popote, na shati likamkaa Mzee Besi kuliko lilivyomkaa yeyote kati yetu. Nilimletea salamu za fundi. Zilikuwa za kubuni, nilitaka kuona atafanya nini.

"Hakukwambia hivyo," akasema.

Nilimuuliza Zuberi wale wazee wana nini. "Waache, sista," akanijibu. "Sie tumewakuta hivyohivyo."

Kwa fundi nilipenda kwenda. Alikuwa na utani wa kimyakimya. Siku moja niliazima mkasi wake nikate utepe wa gundi wa kufungia waya, ukagoma kabisa; ukabana utepe badala ya kuukata. Nilimrudishia nikimwambia hanoi mkasi wake.

"Mkali huo," akasema. "Haukujui tu."

Ipo sheria nyingine ya Mzee Besi, na hii ndiyo iliyonifanya nianze kumwogopa kwa namna ya heshima. Watu wawili wa bendi wakinuniana, kila mmoja anabeba chombo cha mwenzake. Si kubeba tu. Unakitoa stoo, unakifuta, unakitengeneza, unakiweka tayari, mpaka siku mtakapozungumza.

Nilipoisikia niliona ni adhabu ya watoto wa chekechea, na nikasema hivyo. Wiki haikuisha nikaiona ikifanya kazi. Beno alikuwa amesema tumba za Zuberi zinalia kama mtu anatwanga kisamvu. Zuberi akasusa. Kesho yake asubuhi Zuberi akakabidhiwa gita la Beno alikaze nyuzi, na Beno akakabidhiwa tumba azikaze ngozi. Hakuna aliyejua kazi ya mwenzake. Walikaa pembe mbili za uwanja wakihangaika.

"We!" hatimaye Beno akaita bila kumtazama. "Hii nati inazungushwa wapi?"

"Kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwa tumba?"

"Tumba ina kulia? Ndo maana unasikia kisamvu."

Saa sita mchana walikuwa wanagombana kwa kicheko. Nikatazama upande wa Mzee Besi. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, amegeuza mgongo kabisa, kama mtu ambaye habari ile haimhusu.

"Na mimi nisiye na chombo?" nilimuuliza.

"Chako ni nini?"

"Sauti."

"Basi atakayenuniana na wewe atakubebea chupa yako ya maji ya moto, na koo lako likipumzika naye atanyamaza. Huyo wa kununiana na wewe namwonea huruma."

Huyo alikuja kuwa Beno. Tulikuwa tunapiga bonanza kwetu Gongo la Mboto, watu wamechangamka mapema, na mimi niliimba nimefumba macho kwa raha zangu. Nilisikia damu imepanda, nikaita chemko. Sikumtazama mtu. Drams zikanifuata, ridhimu ikafuata, Beno akabaki katikati ya solo yake ya polepole, peke yake, kama mtu aliyebakia amekaa kanisani wenzake wamesimama. Meza ya mbele walicheka.

Tulipomaliza alinifuata. "Msomi, umeniacha uchi mbele za watu."

Ningesema pole, ingeishia pale. "Ungekuwa unasikiliza usingeachwa," nikamwambia.

Kwa wiki mbili hatukusemeshana. Kwenye nyimbo tulipiga vizuri tu, au hivyo nilidhani. Kisha asubuhi moja ndege ikapita, na ilipokwisha kupita, mimi na Beno tulikuwa mahali tofauti kwenye wimbo. Ni mara ya kwanza hilo kutokea tangu nijiunge. Zuberi akaacha kupiga. Wote wakamgeukia Mzee Besi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu usoni mwake nisichokitegemea. Aliogopa. Kikombe alichokiinua kiligongana na meno yake.

"Nilishakuwa na bendi nzuri kuliko hii," akasema, akinitazama mimi. "Sitaki uniamini, nyie wa chuo hamuamini. Lakini ilikuwa nzuri kuliko hii. Haikufa kwa njaa, wala hatukukosa watu. Ilikufa kwa kunyamaza. Hii nayo ikifa hivyo, mie sina umri wa kuanza ya tatu."

Alichukua gita la Beno, akaniwekea mapajani. Akachukua chupa yangu, akampa Beno.

Sikujua kukaza hata uzi mmoja. Nilikata uzi wa kwanza asubuhi ileile. Ulinichapa shavuni, Beno akacheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna. Nikacheka na mimi. Kisha nikamwambia neno nililotakiwa kulisema Gongo la Mboto, akaniambia alichotakiwa kuniambia yeye, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza akanifundisha kufunga nyuzi zote sita: nene juu, nyembamba chini, uzungushe hivi, ukate mkia. Mchana ndege tatu zilipita na hatukuachana hata mara moja. Mzee Besi alipiga amefumba macho, kitu alichotukataza wote.

Ninaandika haya kwa urahisi, lakini sikuwa mtu wa kushangazwa na wazee. Nimelelewa na mwalimu. Najua mtu mzima anaweza kukosea mahesabu. Huyu alikosea mambo mengi. Alisahau majina ya nyimbo zake mwenyewe. Alichelewa misiba. Na kuna jambo dogo nililomwandikia kama kasoro, kwenye daftari langu la kasoro zake: mfuko wa besi yake, wa kaki nzito, ulikuwa unachanika mara kwa mara. Ukichanika Ijumaa, Jumatatu ungeukuta stoo umeshonwa, mshono mara mbili, imara kama wa jeshini. Mzee Besi kila mara alimpelekea Mama kipande kikubwa cha sukari guru, kimefungwa kwenye gazeti, kama asante. Na Mama alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kiwalani nzima ilijua. Mama alikipokea akicheka, akakiweka kando. Niliandika: mtu anayesikia kila kitu hajasikia kwamba Mama hali sukari.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baada ya kujua kufunga nyuzi nilijiona fundi. Asubuhi moja niliwahi kufika, nikamwomba Mama funguo, nikafungua sanduku la gita jekundu. Nilitaka kumfutia Mzee Besi vumbi tu, nimwonyeshe kwamba namshukuru. Nikaona nyuzi zake. Nene ilikuwa chini, nyembamba juu. Zote sita zimefungwa kinyume. Moyo uliniuma. Nikasema, mzee anazeeka. Kila siku anakaza gita ambalo amelifunga kichwa chini, na hawa wanaume wanamwonea haya kumwambia. Basi nikazitoa zote, nikazifunga upya kama nilivyofundishwa. Uzi mnene ulikataa. Huko juu ya shingo ya gita kuna kijipande cha mfupa chenye mifereji sita, kila uzi una mfereji wake, na mfereji wa uzi mnene ulikuwa upande mwingine. Ule ulikuwa mwembamba mno. Nikaukandamiza. Kikalia "ta", kikapasuka, lakini uzi ukakaa.

Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji kwa nini mfereji uko upande ule.

Mzee Besi alipofungua sanduku nilikuwa nimesimama pembeni yake, nasubiri kusifiwa. Alilitazama. Akapitisha kidole juu ya kile kijipande kilichopasuka. Akafunga sanduku polepole, akaenda kukaa kwenye kiti chake, akavaa kiatu chake cha kushoto. Hatukupiga siku ile.

"Ungeniuliza!" Beno aliniambia kwa sauti ya chini. "Gita lile ni la mtu wa mkono wa kushoto. Kila mtu anajua."

"Ulisema hujui ni la nani!"

"La nani hatujui. La mkono gani tunajua."

Kwa siku tatu Mzee Besi hakunisemesha. Yeye, ambaye bendi yake iliwahi kufa kwa kunyamaza. Ya nne alinikuta getini, akasema, "Umefunga vizuri. Nyuzi zimekaa sawa." Halafu akanigusa bega, akapita. Jumapili ile tulipanda jukwaani na magita matatu. Kistendi cha kushoto kilibaki stoo. Nilisimama pale nikaimba, na kila nikigeuka kuzungusha macho niliona nafasi ile tupu, na nilijua ni mimi niliyeiweka.

Mwezi uliofuata nilipata kazi Dodoma. Niliwaaga wote. Yeye alikuja mpaka stendi, akiwa na karanga kwenye mfuko. Tulizungumza habari za baridi ya Dodoma. Nilitaka kuomba radhi, basi likaondoka.

Ilipita miaka minne. Nikasikia vidole vyake vimekakamaa na ameacha kupiga, na kwamba Beno ndiye kiongozi sasa, nao bado wako Kiwalani, na macho bado yanazunguka. Niliporudi likizo nikaenda kumtafuta. Alikuwa anakaa Segerea kwa binti yake. Nilimkuta barazani, besi imeegemezwa ukutani kando yake ndani ya mfuko wake wa kaki.

"Shikamoo, Mzee Besi."

"Marahaba, Msomi. Umenenepa. Kumbe Dodoma kuna chakula."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Morogoro. Nikayamwaga yote kwa mkupuo: gita, nyuzi, kile kijipande, siku tatu zile, na kwamba sijawahi kulala vizuri nikilikumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka binti yake akachungulia dirishani.

"Lile gita limekwenda kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Alikuwa mpiga solo wangu, kwenye ile bendi ya kwanza. Siku moja ukumbi umejaa, akaingia chemko hajanitazama. Mie nikaona amenidharau. Nikakata besi. Katikati ya wimbo, watu wanacheza, nikakata. Akaliweka gita chini, akatoka. Nikangoja aje aniambie pole. Naye akangoja niende mie. Mwezi haukuisha, bendi ikafa."

"Na gita?"

"Sheria ilikuwepo tangu bendi ile. Mmenuniana, unabeba chombo cha mwenzako. Nikalibeba."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Niliinua macho. Nilikumbuka kila asubuhi niliyomwona akilifungua, akilifuta, akilikaza uzi mmoja mmoja, akiliunganisha waya. Nilikumbuka kikombe kikigonga meno.

"Wewe uliyekuja mpaka Gongo la Mboto kuniambia habari ya nusu saa," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, "ulishindwaje kumfuata mtu?"

Hakukasirika. "Sheria yangu inamfikisha mtu mlangoni, Msomi. Hodi unapiga mwenyewe. Mie nilifika mlangoni, nikakaa hapo." Akajikuna kiwiko. "Halafu ukaja wewe ukanivunjia ule mfupa. Nikapeleka kwa mafundi watatu, wameshindwa. Ule mfupa aliuchonga yeye mwenyewe, vipimo anavijua yeye peke yake. Nikasema, nikilirudisha sandukuni limevunjika, basi sibebi tena chombo cha mtu, nabeba maiti. Ulikuwa umeshaondoka. Nikavuka barabara."

"Barabara gani?"

"Ile ya pale. Hatua kumi na mbili, si ulizihesabu?"

Nikakumbuka mkasi usionijua: ulikuwa mkasi wa mtu wa mkono wa kushoto.

"Akasema nini?"

"Hakunisalimia. Akalipokea, akalipindua, akatazama nyuzi. Akauliza, 'Nani kalifunga hivi?' Nikamwambia, binti mmoja, msomi. Akasema, 'Hakuuliza?' Nikasema, hakuuliza." Mzee Besi akageuza uso upande wa besi yake. "Halafu akasema, 'Kama sie tu.' Akavuta kigoda, akanipa."

Tulikaa pale barazani mpaka jua likahamia miguuni kwetu, na nilipoaga alinishika mkono kwa vile vidole vyake vilivyokataa kukunjuka, akanitazama machoni, kisha akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, naye binti akanitazama mimi. Ndipo akaniachia mkono.

Mwaka uliofuata nilipita Kiwalani kwa fundi, kumpa pole yangu na yeye. Gita jekundu lilikuwa limetundikwa kati ya magauni, na mfupa mpya mweupe. Aliipokea pole yangu kwa kichwa, akaniwekea kigoda, akatenga chai. Juu ya cherehani yake kulikuwa na vipande vya kaki nzito, na uzi wa rangi ileile. Nikavishika.

"Kitambaa hiki nakijua."

"Mfuko wa besi," akasema. "Chombo changu alikuwa nacho yeye. Chake mie ningekibebaje, na kinalala kwa Mama? Nikabeba mfuko. Ukichanika Mama ananiletea Ijumaa, kabla usiku haujaingia, Jumatatu anaurudisha. Nilimwambia asiseme."

"Kwa hiyo Mzee Besi hakujua."

Fundi alifungua kopo kubwa la bati lililokuwa rafuni, akatoa kilichofungwa kwenye gazeti, kama vile alivyokuwa akipelekewa Mama, na kwa mkono wake wa kushoto akakata vipande viwili vya sukari guru, kimoja akakitia kwenye chai yake, kimoja kwenye yangu.

"Mie tangu ujana sinywi chai na sukari nyingine," akasema. "Kule kwenye bendi ya kwanza, aliyekuwa ananinunulia ni yeye."